Je, Kulala na Feni Ni Hatari?



Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, wakubwa wetu walituletea zawadi ya feni sita za kufungwa ukutani, mbili kwa kila bweni. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kila aliyepata kulala katika mabweni yetu, huku kaskazini mwa Uganda, anajua jinsi mabati yanavyoweka joto la mchana katika miezi ya Januari na Februari. Mimi na mwenzangu mmoja tuliazima kipimajoto cha maabara, tukakitundika kati ya vitanda. Saa nne za usiku kilionyesha nyuzi 31 za sentigredi. Vijana wengine walikuwa wakiacha vitanda na vyandarua vyao, wakalala juu ya saruji ili wapate ubaridi kidogo, na asubuhi walisinzia darasani kama kuku wagonjwa.

Lakini zawadi ile haikumaliza wiki moja kabla ya kuzua ugomvi. Mimi ni kiranja wa bweni. Usiku wa tatu niliamka nikitokwa jasho, nikakuta feni zote mbili zimezimwa. Nikaziwasha. Saa nane nikaamka tena, zimezimwa tena. Usiku wa nne nilijifanya nimelala, nikamwona mdogo wetu mmoja wa kidato cha kwanza akinyemelea ukutani, akabonyeza swichi, akarudi kitandani mbio. Nilipomwuliza asubuhi, hakuficha. "Kaka," alisema, "bibi yangu aliniambia nisilale kamwe mbele ya feni. Inakula hewa. Mtu analala, haamki."

Nilitaka kumcheka, lakini nilipowauliza wengine nikaona kwamba karibu nusu ya bweni waliogopa vivyo hivyo, ila waliona haya kusema. Wengine walisema feni inamaliza hewa ya chumba. Wengine walisema upepo wake huleta homa ya mapafu. Na mmoja, kijana msomaji sana, alisema amesoma kwamba katika nchi ya Korea watu hufa kwa sababu ya feni, na kwamba jambo hilo hutangazwa hata na magazeti. Basi nikaona si haki kuwalazimisha watu kulala na kitu wanachokiogopa kabla ya kuchunguza kama hofu yao ina msingi. Mwalimu wetu wa sayansi aliniruhusu kutumia vyombo vya maabara na vitabu vyake. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuijue feni yenyewe. Feni za umeme zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1880. Wazee wetu wengine huiita pangaboi, na jina hilo lina hadithi yake. Pankha ni neno la Kihindi, maana yake upepeo. Zamani katika nyumba za wakubwa huko Bara Hindi kilitundikwa darini kitambaa kipana, na mtumishi, yaani boi, aliketi kando akivuta kamba ili kitambaa kipepee na kuwapa watu upepo. Umeme ulipochukua kazi ya mtumishi huyo, jina likabaki. Sasa fikirini: je, yule boi aliyevuta kamba alikuwa akila hewa ya bwana wake? La, alikuwa akiisukuma tu. Na feni ni hivyo hivyo. Ndani yake mna mota, umeme huizungusha, na panga zake huisukuma hewa kutoka nyuma kuipeleka mbele. Feni haichomi kitu, haipumui, na haitoi moshi. Hewa iliyokuwamo chumbani kabla ya kuiwasha ndiyo imo baada ya kuiwasha, ila sasa inatembea.

Mbona basi tunaona baridi? Tulifanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Tuliweka kipimajoto kikavu mbele ya feni iliyozimwa. Kilionyesha nyuzi 30. Tukaiwasha feni, tukangoja dakika kumi. Kikaonyesha nyuzi 30 zile zile! Vijana wakashangaa, maana usoni mwao waliona ubaridi. Kisha tukakifunga kipimajoto ncha yake kwa pamba iliyoloweshwa maji, tukakirudisha mbele ya feni. Hapo kilianza kushuka, 28, 26, 24, mpaka kikasimama kwenye 22.

Maana yake ni hii. Feni haifanyi hewa kuwa baridi. Inachofanya ni kukausha maji upesi, na maji yanapokauka huondoka na joto. Mwili wa mtu ndio ile pamba yenye maji, kwa sababu ngozi hutoa jasho. Tena, ngozi ina joto la nyuzi kama 35, nayo huipasha moto hewa iliyoigusa, hata mtu akawa kama amevaa blanketi jembamba la hewa ya moto. Feni huliondoa blanketi hilo na kuleta hewa nyingine. Hayo mawili tu, kukausha jasho na kuondoa hewa ya moto, ndiyo kazi yake yote.

Sasa tulijibu neno la bibi, kwamba feni humaliza hewa. Kwa sababu tumeona kwamba feni yenyewe haitumii hewa, swali linalobaki ni kama mtu anayelala anaweza kuimaliza. Tupige hesabu. Tuchukue chumba kidogo cha mita 3 kwa mita 3, chenye urefu wa mita 2.5 kwenda juu. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5, yaani lita 22,500 za hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni, kwa hiyo chumba kina oksijeni lita 4,725. Mtu mzima aliyelala hutumia kama robo lita ya oksijeni kwa dakika, ambayo ni lita 15 kwa saa, na lita 120 kwa usiku wa saa nane. Hata tukidhani chumba kimezibwa pasibaki tundu hata la sindano, jambo ambalo haliko katika nyumba zetu, asubuhi zitabaki lita 4,605. Mtu huyo hakutumia hata sehemu tatu katika mia.

Ni kweli kwamba watu wengi wakijazana katika chumba kilichofungwa, hewa huwa nzito, kichwa huuma, na magonjwa yanayopitia hewani, hasa kifua kikuu, hupata nafasi ya kuenea. Lakini kosa hapo ni la dirisha lililofungwa, wala si la feni. Na hapa tukumbuke jambo ambalo wengi hulisahau: feni haileti hewa mpya. Inazungusha ile iliyomo. Anayetaka hewa safi hana budi kufungua dirisha, ndipo feni itamsaidia kuingiza ya nje na kutoa ya ndani.

Juu ya homa ya mapafu na mafua, vitabu vinasema wazi kwamba magonjwa hayo huletwa na vijidudu, ambavyo mtu huvipata kutoka kwa mtu mwingine au kutoka katika mwili wake mwenyewe anapodhoofika. Upepo peke yake hauzai vijidudu. Hata hivyo bibi zetu hawakuota ndoto tu. Mtu aliyelala upepo ukimpiga usoni usiku kucha huweza kuamka na koo kavu, pua iliyoziba, na macho yanayowasha, naye atasema feni imempa mafua. Shingo pia yaweza kukakamaa. Na feni isiyofutwa hukusanya vumbi kwenye panga zake. Ikiwashwa, vumbi lile humrukia mtu, na mwenye pumu anaweza kushikwa vibaya. Dawa ya haya si kuitupa feni. Igeuzwe kidogo ili upepo upite juu ya miguu badala ya uso, na ifutwe vumbi kila wiki, baada ya kuchomolewa kwenye umeme.

Sasa Korea. Mwenzetu hakusema uongo. Katika Korea Kusini, watu wengi kwa muda mrefu wameamini kwamba mtu akilala na feni katika chumba kilichofungwa anaweza kufa. Maonyo ya namna hiyo yalionekana katika magazeti ya huko tangu miaka ya 1920 na 1930. Hata mwaka 2006, shirika la serikali la kuwalinda wanunuzi liliitaja feni miongoni mwa hatari za majira ya joto, na feni nyingi huko huuzwa zikiwa na saa ndani yake ili zijizime mtu akisha kulala. Wengine walisema inamnyima mtu pumzi, wengine walisema inampoza mwili mpaka anakufa kwa baridi.

Habari ya pumzi tumekwisha kuijibu kwa hesabu. Habari ya baridi pia haisimami. Mtu hufa kwa baridi pale damu yake inaposhuka sana chini ya kiasi chake cha nyuzi 37. Katika usiku wa joto, mwili ulio mzima hutengeneza joto wakati wote, hata usingizini, na ukiona baridi humwamsha mwenyewe ajifunike. Tena, Bara Hindi, Afrika Magharibi, na huku pwani yetu ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mamilioni ya watu hulala na feni kila usiku wa kaskazi, na asubuhi huenda kazini. Hata kwa watoto wachanga, utafiti uliotolewa mwaka 2008 kutoka California ulikuta kwamba vifo vya ghafla vya usingizini vilikuwa vichache zaidi kwa watoto waliolala katika vyumba vyenye feni kuliko kwa wale wasio nayo. Utafiti mmoja hautoshi kuthibitisha kwamba feni ndiyo iliyowaokoa, lakini hauonyeshi hata kidogo kwamba inaua.

Imani ile ilitoka wapi basi? Nadhani ni hivi. Usiku wa joto kali ndio usiku ambao watu huwasha feni. Na usiku huo huo ndio ambao wazee, wagonjwa wa moyo, na walevi hufa kwa wingi, kwa sababu joto lenyewe huuchosha moyo. Asubuhi jirani huvunja mlango, humkuta marehemu, na kando yake feni inazunguka. Feni ni kama mtumishi aliyekutwa peke yake chumbani na maiti ya bwana wake: watu humkamata yeye kwanza. Lakini kuwapo mahali pa msiba si kuuleta msiba.

Hata hivyo nisije nikaisifu feni kupita kiasi. Inao mpaka wake, na mpaka huo ni lazima tuujue. Nimesema kwamba feni humpoza mtu kwa kuleta hewa isiyo na moto kama ngozi, na kwa kukausha jasho. Hewa ikiwa na moto kuliko ngozi, ile inayoletwa na feni huuongezea mwili joto, kama upepo utokao tanurini. Hapo ni jasho tu linalookoa, na mzee au mgonjwa hatoi jasho la kutosha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri watu watumie feni pale tu joto liliposhuka chini ya nyuzi 40. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika hesabu zao za mwaka 2021, walipendekeza mpaka wa nyuzi 39 kwa vijana wenye afya, 38 kwa wazee, na 37 kwa wazee wanaotumia dawa fulani zinazopunguza jasho.

Mfano wa kusikitisha ni mji wa Chicago. Mwezi wa Julai mwaka 1995 joto la huko lilifika nyuzi 41, na katika siku chache watu zaidi ya 700 walikufa kuliko ilivyo kawaida. Wengi wao walikuwa wazee waliokaa peke yao, na wengine walifunga madirisha kwa kuogopa wezi. Katika nyumba zilizokuwa kama tanuri, feni peke yake haikuweza kuwaokoa. Hapa kwetu usiku hauwi na joto la namna hiyo, lakini mchana wa Februari, chini ya bati lisilo na dari, si ajabu kukaribia mpaka huo. Siku hiyo mzee wa nyumbani atolewe nje kivulini, anyweshe maji, na afutwe mwili kwa kitambaa chenye maji. Asiachwe ndani mbele ya feni kwa kudhani kwamba amekwisha kusaidiwa.

Zipo hatari nyingine za feni, nazo ni za kawaida tu, lakini ndizo za kweli. Ya kwanza ni umeme. Waya uliochubuka, plagi inayolegea, au waya mmoja uliounganishwa vyombo vingi, huweza kuwasha moto watu wamelala. Feni iliyokwama huku mota inavuta umeme hupata moto sana. Ikitoa harufu ya kuungua, izimwe na ichomolewe mara moja. Ya pili ni vidole vya watoto, na nguo au nywele ndefu, karibu na feni isiyo na kizuizi mbele. Ya tatu inatuhusu sisi wa mabweni yenye vitanda vya kupandana: feni ya darini haifai juu ya kitanda cha juu, maana kijana akiinuka kwa usingizi aweza kupigwa na panga zake. Wakubwa wetu walifanya busara kuleta feni za ukutani.

Ya nne ni mbu, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote tatu. Mbu hana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo mkali, na mtu aliye mbele ya feni huumwa kidogo. Kwa hiyo wengi huona chandarua ni joto la bure, wakakikunja. Serikali imegawa vyandarua vyenye dawa bure mara kadhaa nchini mwetu tangu mwaka 2013, na wangapi wetu wamevigeuza kamba za kuanikia nguo! Lakini feni huzunguka na kuliacha pembe hili au lile bila upepo, na umeme wetu, hata baada ya bwawa la Karuma kuzinduliwa mwaka 2024, bado hukatika usiku. Umeme ukikatika saa saba, aliyelala bila chandarua hajui. Mbu wa malaria anajua, maana saa zake za kuuma ndizo hizo. Basi feni na chandarua ni ndugu. Feni iwe nje ya chandarua, karibu kidogo kwa sababu wavu hupunguza upepo, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kisipeperuke wala kuvutwa na panga.

Hapa ningeweza kumaliza. Lakini nina jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike, nalo ni la nyumba yetu wenyewe.

Mjomba wangu ni askari. Alipokuwa kazini huku kwetu kwenye joto, hakukubali kamwe kulala na feni. Alisema itamnyima pumzi, na watoto wake wote aliwafundisha hivyo. Kisha akahamishiwa Kabale, kusini-magharibi mwa nchi, kwenye milima karibu mita 2,000 juu ya bahari. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikwenda kumtembelea siku za likizo. Sisi watu wa joto hatukuwa tumeona baridi ya namna ile. Usiku wa pili mvua ilinyesha sana. Tulipokwisha kula, mjomba akaiingiza sigiri chumbani, makaa yakiwa mekundu mazuri, bila moshi wowote. Akafunga dirisha, akasukumia gunia chini ya mlango ili baridi isipenye. Tukalala watano, tukimshukuru Mungu kwa ule uvuguvugu.

Usiku wa manane nilisikia mtoto wa mjomba, binti wa miaka minne, akitapika. Nilitaka kuinuka nimshike. Kichwa kilinigonga kama ngoma, na miguu haikunitii. Nilimwona mjomba akitambaa sakafuni kama mtoto, akaufikia mlango, akauvuta. Baridi ikaingia. Tulikokotana mpaka nje, tukaketi barazani kwenye mvua mpaka kulipopambazuka, yule mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, hasemi neno. Asubuhi zahanatini mwuguzi aliuliza swali moja tu: "Mlilala na sigiri?" Kisha akatuambia kwamba kama mtoto asingetapika, tusingeamka hata mmoja. Binti yule alipona, nashukuru.

Maana ya habari hii ni kwamba makaa yanapowaka hufanya mambo yote mawili ambayo watu huisingizia feni. Hutumia oksijeni ya chumba, tena hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua oksijeni tena. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na viungo kulegea. Aliye macho aweza kutoka. Aliyelala huongezewa usingizi tu. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba makaa yasiyo na moshi, yale ambayo kila mama huyaona kuwa yamekwisha kuiva na ni salama, ndiyo yanayotoa sumu hiyo kwa wingi. Jenereta inayowashwa ndani ya nyumba au karibu na dirisha hufanya vivyo hivyo.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba aliogopa chombo kisichoweza kumnyima pumzi, akakikaribisha kitandani kile kinachoweza, kwa sababu sigiri ameizoea tangu utoto na feni ni kitu kigeni. Sikusimulia haya ili kumdharau. Ni mtu mwenye akili kuliko mimi. Nataka kuonyesha tu kwamba hofu ikielekezwa mahali pasipo pake, huliacha wazi pahali pa hatari.

Basi kwa ufupi, yafaa tushike haya, na wale wa nyumbani tuwaeleze kwa adabu wakati wa likizo. Feni haiui mtu kwa kula hewa. Ilazwe mbali na uso, isafishwe, na waya wake utazamwe. Dirisha liwe wazi. Chandarua kisiachwe. Joto likizidi sana, feni isitegemewe peke yake. Sigiri isilale chumbani na watu, hata kama makaa yamefifia, hata kama dirisha lina upenyo kidogo. Na asiwepo atakayedhani kwamba akiwasha feni pamoja na sigiri amejiokoa, kwa maana feni huizungusha sumu tu, haiiondoi. Ukimkuta mtu amezidiwa katika chumba cha makaa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi bila wewe kukaa mle ndani, kisha mpeleke hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Nilipokwisha kuyakusanya haya, niliwasomea wenzangu bwenini Jumamosi moja jioni. Hatukumlazimisha mtu. Tulipatana kwamba wanaoogopa walale upande usiopata upepo, na madirisha yafunguliwe. Baada ya wiki mbili, yule mdogo wetu wa kidato cha kwanza alinijia akasema, "Kaka, nipe nafasi karibu na feni." Nilipomwuliza juu ya bibi yake akacheka, akasema, "Bibi nimemwandikia barua. Nimemwambia habari ya sigiri."

Ninyi wakubwa wetu, tunawashukuru kwa feni. Ila ninalo ombi moja, nami naliandika hapa kwa sababu najua mnalisoma gazeti hili. Madirisha yetu hayana wavu. Tukiyafungua mbu huingia, tukiyafunga hewa huharibika, na feni hubaki kuzungusha hewa ile ile ya jana. Mwaka huu mkikutana, msituletee feni nyingine. Tuleteeni wavu wa madirisha. Vipimo vya kila dirisha nimekwisha kuvichukua, na karatasi yake ipo kwa mwalimu wa sayansi.